Nani Athibitishe Ubaguzi Kazini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka kila mwajiri akuze fursa sawa kazini na inamkataza kumbagua mfanyakazi kwa misingi inayotajwa katika kifungu cha 7, ikiwamo rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Orodha hiyo ndiyo inayosomwa sana kwenye semina, lakini makali ya kifungu chenyewe yako kwenye vipengele vinavyoifuata, ambavyo wafanyakazi wengi hawavijui.

Kwa madhumuni ya kifungu hicho, mwombaji kazi naye huhesabiwa kuwa mfanyakazi, hivyo binti anayeulizwa kwenye usaili kama ana mimba, kisha akanyimwa nafasi kwa sababu ya jibu lake, ana haki ya kulalamika ingawa hajawahi kulipwa mshahara hata wa siku moja. Kinachokatazwa vilevile ni ubaguzi usio wa moja kwa moja, yaani sharti linaloonekana kuwahusu watu wote sawasawa ilhali linawaengua wa kundi fulani: tangazo linalodai leseni ya udereva kwa karani wa masjala, ambaye kazi yake haimtoi mezani, halimtaji asiyeona mahali popote, ila limekwisha kumwondoa.

Lililo zito zaidi ni suala la ushahidi. Katika madai ya kawaida anayedai ndiye anayethibitisha, lakini hapa mlalamikaji akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukutokea, au kwamba uamuzi wake haukutokana na misingi iliyokatazwa. Utaratibu huu ni wa haki, maana alama za usaili, orodha za mishahara na mihtasari ya vikao vimo kabatini mwa mwajiri, na mnyonge hana ufunguo.

Si kila tofauti ni ubaguzi, kwani mwajiri anaweza kujitetea kwa kuonyesha kuwa sifa aliyoidai inatokana na asili ya kazi yenyewe, kama kikundi cha maigizo kinapotafuta mwanamke wa kuigiza bibi harusi. Hatua za kuwainua walioachwa nyuma nazo zinaruhusiwa, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako aliyeachishwa kazi ana siku 30 na mwenye mgogoro mwingine ana siku 60, muda ambao wengi huumaliza wakiwasubiri wazee wa ofisi wayamalize kimyakimya. Mtumishi wa nyumbani au kibarua aliyeajiriwa kwa mdomo hukwama mapema zaidi, kwa kuwa hata hizo dalili za awali zinahitaji kitu cha kushika mkononi: nakala ya tangazo, ujumbe wa simu, au jina la mwenzake aliyekuwapo.