Baiskeli ya Mtoto Isimzidi Kimo

Leo tuna mada ambayo huenda wengine mtauliza inahusianaje na afya. Tutazungumza juu ya baiskeli ya mtoto anayejifunza: ni ipi ya kumnunulia, inakaguliwa namna gani, na mtoto afundishwe wapi.

Mzazi mwenzangu, baiskeli ni kitu kizuri. Humpa mtoto mazoezi ya miguu, moyo na mapafu, tena humfundisha kujiamini. Lakini baiskeli isiyomfaa inaweza kumvunja mkono, kumuumiza kichwa, au kumpeleka barabarani mbele ya lori. Tofauti kubwa huanza siku ile ya kununua.

Tuseme ni mwezi wa Oktoba, bonasi ya majani chai imelipwa. Baba anapanda matatu hadi Kericho mjini kumnunulia kijana wake wa miaka 5 baiskeli. Anaona ndogo, anaona kubwa. Anajiambia, "Nichukue hii kubwa, atakua nayo," kama vile tunavyonunua sweta ya shule. Nyumbani mtoto anafurahi, anapandishwa, lakini miguu haigusi chini. Vidole vyake havifiki kwenye breki. Na boma liko juu ya mteremko, kama maboma mengi ya huku kwetu. Hapo, msikilizaji, unaona mwenyewe hatari iko wapi. Sweta kubwa haimuumizi mtoto. Baiskeli kubwa humuumiza.

Wengi wetu tulijifunza kwa Black Mamba ya baba, mguu mmoja umepitishwa katikati ya fremu, mwili umepinda upande. Tulijua kuendesha, ndiyo, lakini makovu tunayo. Baiskeli ile ina uzito wa kilo 20 hivi, na mtoto wa miaka 5 ana kilo 18 hivi. Ikianza kuanguka, hana nguvu za kuizuia.

Sasa tutajuaje kimo kinachofaa? Baiskeli za watoto huuzwa kwa inchi za gurudumu. Kwa kawaida, inchi 12 humfaa mtoto wa miaka 3 au 4, inchi 16 miaka 5 au 6, na inchi 20 miaka 7 hadi 9. Lakini watoto hawalingani. Usitegemee umri peke yake. Pima mguu.

Fanya hivi. Mwambie mtoto avue viatu, asimame wima mgongo ukiwa ukutani. Weka kitabu katikati ya miguu yake, kipande hadi juu kabisa kama vile amekikalia. Kisha chukua kamba, pima kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni, uikate hapo. Tia kamba hiyo mfukoni uende nayo dukani. Kiti cha baiskeli kikishushwa hadi chini kabisa, urefu kutoka ardhini hadi juu ya kiti usizidi kamba yako. Ukizidi, hiyo si baiskeli ya mtoto wako leo. Anayejifunza lazima aketi na kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili.

Bila shaka kuna atakayesema, "Akikua nitanunua nyingine kwa pesa gani?" Ni swali la haki. Lakini kiti na usukani hupandishwa mtoto anapokua, na baiskeli nzuri hurithiwa na mdogo wake. Majirani pia wanaweza kubadilishana. Baiskeli ya mtumba iliyo imara na ya kimo chake ni bora kuliko mpya inayomzidi.

Ukiwa dukani au sokoni, kagua mambo haya kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, breki. Bana breki kisha usukume baiskeli: gurudumu lisizunguke. Kama mtoto yupo, aweke mkono kwenye usukani, aibane mwenyewe. Kama vidole havifiki, fundi anaweza kusogeza mkono wa breki karibu zaidi. Kumbuka hapa kwetu mvua hunyesha mara nyingi mchana. Breki za mpira unaobana rimu ya chuma hushika vibaya sana rimu ikilowa. Baiskeli nyingine ndogo zina breki ya kurudisha pedali nyuma, ambayo imo ndani ya gurudumu la nyuma. Hiyo hushika hata kwenye mvua, na haihitaji vidole vyenye nguvu.

Pili, ncha za usukani. Hakikisha mipira ya kushikia ipo na imefunika ncha zote mbili. Chuma kilicho wazi kinaweza kumchoma mtoto tumboni anapoanguka, kikaumiza ini, wengu au kongosho bila hata kuacha jeraha kubwa nje.

Tatu, mnyororo uwe na kifuniko. Sketi ndefu, leso au kamba ya kiatu hunaswa haraka. Tingisha magurudumu, kiti na usukani, kisilegee chochote. Angalia kama spoki zote zipo.

Nne, helmeti. Ikiwa pesa zinaruhusu, nunua helmeti ya baiskeli inayomtosha mtoto. Ikae sawa kichwani, vidole viwili tu juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Helmeti ya pikipiki ya mtu mzima ni nzito kwa shingo yake. Na helmeti iliyokwisha kupigwa kwa nguvu haifai tena, hata kama haionyeshi ufa. Kwa hiyo kuwa mwangalifu na ya mtumba.

Sasa tumefika nyumbani. Tumfundishe vipi? Watu wengi huanza na pedali. Lakini jambo gumu si kukanyaga, ni kusimama bila kuanguka. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali kabisa. Mtu alikikalia akakisukuma kwa miguu yake. Pedali za gurudumu la mbele zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860. Mtoto naye anaweza kufuata mpango huo huo.

Mpelekee fundi aondoe pedali zote mbili. Ukifanya mwenyewe, jua kwamba ya kushoto hufunguka kinyume na nati za kawaida. Shusha kiti. Mwache mtoto asukume kwa miguu, akiwa amevaa viatu vilivyofungwa vizuri, si malapa wala gamubuti za kaka yake. Siku za kwanza atatembea. Baadaye atakimbia. Siku moja atainua miguu na baiskeli itaenda yenyewe bila kuanguka. Hapo rudisha pedali, na wengi hawachukui muda mrefu kuendesha. Magurudumu madogo ya pembeni hayafundishi jambo hili, kwa sababu hayamruhusu mtoto kuinama na baiskeli. Tena kwenye mteremko wa pembeni yanaweza kumpindua.

Mafunzo yafanyike kwenye nyasi fupi, mahali tambarare au penye mteremko mdogo unaoishia kwenye tambarare. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi ni mahali pazuri, mkiruhusiwa. Njia ya kuteremka hadi kwenye lami si mahali pa kujifunza. Barabara kuu ya kutoka Kericho kwenda Nakuru inapita hapa kwetu. Hatujasahau jioni ya Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoacha njia na kugonga magari na watu waliokuwa kando ya barabara. Takriban watu 50 walipoteza maisha. Hao wengi walikuwa watu wazima wenye akili zao. Mtoto mdogo hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Kwa hiyo asiendeshe karibu na lami, hata kama amekwisha kujua.

Mwisho, mtoto akianguka. Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Kama jeraha ni la kina au limeingia uchafu, nenda kituo cha afya na kadi yake ya chanjo, wakague kinga ya pepopunda. Kama mkono umevimba au umepinda, usiuvute. Ufunge na kitu kigumu usitingishike, kisha mpeleke hospitali.

Usingoje kesho ukiona haya: amezirai hata kwa muda mfupi, anatapika tena na tena, anasinzia kupita kawaida, ana degedege, au damu au maji yanatoka sikioni au puani. Na kama usukani ulimpiga tumboni, halafu tumbo linauma, anapauka, anatapika au anakojoa damu, mpeleke Londiani, Kericho au hospitali yoyote iliyo karibu mara moja, hata kama hana jeraha.

Msikilizaji, kabla hatujaagana, turudie kwa ufupi. Nunua baiskeli ya mtoto wa leo, si ya mtoto wa miaka mitatu ijayo. Nenda na kamba mfukoni. Kagua breki kabla ya rangi. Fundisha kwenye nyasi, mbali na lami.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au kikundini:
1. Je, watoto wetu wanaendesha baiskeli za nani, na miguu yao inafika chini?
2. Ni uwanja gani kijijini kwetu ulio salama kwa kujifunzia, na nani atawasimamia?
3. Ni nani kati yetu ana baiskeli ndogo isiyotumika, inayoweza kumfaa mtoto wa jirani?

Hadi wakati mwingine, nawatakia afya njema. Kwaherini.