Konokono wa Kibangwa: Uainishaji wa *Conus leopardus* na Gamba Lake katika Uwanda wa Kati wa Tanzania

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyokatiza Ugogo na kulipa hongo kwa watemi wake kabla ya kufika Tabora, ilipitisha bidhaa za pwani zilizotokana na viumbe wa baharini. Miongoni mwazo ni kibangwa, kisahani cheupe kilichovaliwa Unyamwezi kama pambo la heshima. Kukiita kauri, kama ifanywavyo mara kwa mara, ni kosa. Kauri ni wa familia ya Cypraeidae; kibangwa hutokana na jenasi ya *Conus*, familia ya Conidae, oda ya Neogastropoda, ngeli ya Gastropoda, faila ya Moluska.

Jenasi hiyo iliasisiwa na Linnaeus mwaka 1758. Miongoni mwa spishi zake kubwa zaidi ni *Conus leopardus*, iliyoelezwa na Röding mwaka 1798, ambayo gamba lake huweza kuzidi sentimita 20. Huishi kwenye mchanga na nyasi bahari karibu na matumbawe, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Konokono wote wa jenasi hii huwinda kwa jino lenye uwazi ndani, mfano wa chusa, linalopitisha sumu. *Conus geographus*, mla samaki, ameua watu; *C. leopardus* hula wanyama laini wafananao na minyoo waishio mchangani.

Umbo la gamba ndilo linaloeleza kwa nini mafundi walilichagua. Gamba hufanana na pia: upande mmoja umechongoka, upande wa pili ni mpana na karibu bapa. Aidha, konokono akuapo huyeyusha kuta za mizunguko ya ndani ili kujipatia nafasi, huku akinenepesha ukuta wa nje na sehemu ya kileleni. Fundi alikata kilele hicho kigumu, akakisugua hadi kikawa laini, na upande wa chini mara nyingi ukabaki na alama ya mzunguko.

Hapo ndipo ugumu wa uainishaji unapoanzia. *C. leopardus* hutofautishwa na jamaa yake *C. litteratus* hasa kwa ncha nyembamba ya gamba, ambayo kwa *C. litteratus* ina rangi nyeusi inayoelekea zambarau, na kwa mpangilio wa madoa. Vyote hivyo hutupwa wakati wa kukata. Kilele cha spishi zote mbili ni bapa, na rangi iliyosalia huondolewa na msasa. Kipenyo kikubwa huashiria spishi kubwa, lakini hakitaji ipi. Kwa hiyo lebo ya makumbusho inayotaja *C. leopardus* kwa kisahani kilichosuguliwa hudai zaidi ya kinachoonekana. *Conus* pekee ndilo jina linaloweza kutetewa.

Thamani ya visahani hivi haikuishia Unyamwezi. Mwaka 1854, katika eneo ambalo sasa ni la Zambia, Livingstone aliandika kwamba magamba mawili ya aina hiyo yalitosha kununua mtumwa. Baadaye viwanda vya Ulaya vilitengeneza visahani vya kaure kwa soko hilohilo. Hivyo, kabla ya kuuliza spishi, mchunguzi hana budi kwanza kuthibitisha kama alichoshika mkononi kiliwahi kuwa konokono.