Gliserini Haiokoi Dawa ya Filamu

Swali la gliserini limenichosha, na leo nalijibu kwa mara ya mwisho. Huja hivi: "Mwalimu, nilichanganya dawa ya kusafishia filamu kwa vitamini C, nikatia vijiko viwili vya gliserini ili isiharibike. Mbona filamu imetoka tupu?" Imetoka tupu kwa sababu dawa ilikufa kabla hujaimimina kwenye tangi. Gliserini haikuwa na uwezo wa kuizuia isife.

Asidi askobiki, yaani hiyo vitamini C, ikiwa kavu ndani ya kopo hukaa miaka. Itie kwenye maji yenye alkali, nayo hubadilika kuwa ayoni. Ayoni hiyo ndiyo inayosafisha filamu, na ndiyo hiyohiyo inayoliwa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Vyembe vya shaba na chuma kutoka kwenye bomba huharakisha uharibifu. Ubaya wake ni kwamba dawa ya namna hii haitoi ishara. Dawa za haidrokwinoni hugeuka kahawia zikichakaa, lakini hii yaweza kubaki angavu kama maji ya kunywa huku imekwisha. Waliotumia Xtol, dawa ya Kodak iliyotoka mwaka 1996, wanaijua hasara hiyo.

Sasa pima hivyo vijiko viwili. Ni kama mililita 30 katika lita moja, asilimia 3. Asilimia 97 iliyobaki bado ni maji, alkali bado imo, ayoni bado zimo, na oksijeni inaingia kama kawaida. Wengine hunieleza kwamba gliserini "hufunika" dawa hewa isipenye. Haifuniki chochote. Gliserini huchanganyika na maji kabisa. Haielei juu yake kama mafuta.

Basi nitumie gliserini tupu, bila maji? Hapo angalau umeanza kufikiri vizuri, maana siri ya dawa nzito zinazodumu ni kuyaondoa maji. Lakini umechagua kiyeyushi kibaya. Gramu 1 ya asidi askobiki inahitaji takriban mililita 100 za gliserini ili iyeyuke. Kwa glaikoli ya propilini inatosha mililita 20. Kwa spiriti isiyo na maji, 50. Yaani chupa nzima ya gliserini inabeba gramu moja tu, na hiyo haistahili kuitwa dawa nzito. Gliserini ni nzuri kwa ngozi yako. Iache huko.

Kosa jingine ni kumwaga kaboneti na salfaiti ya sodiamu ndani ya glaikoli na kukoroga hadi mkono ufe ganzi. Chumvi hizo haziyeyuki humo kwa kiasi cha maana. Zitakaa chini kama mchanga. Na usithubutu kutumia kulanti ya gari. Nyingi ni glaikoli ya ethilini, sumu inayoharibu figo, tena zimetiwa rangi na viungo vya kuzuia kutu ambavyo huvihitaji.

Zifanyazo kazi ni hizi. Ya kwanza ni PC-TEA ya Mmarekani Patrick Gainer: gramu 9 za asidi askobiki na gramu 0.25 za fenidoni katika mililita 100 za trayethanolamini. Hapa kiyeyushi chenyewe ndicho alkali, ila hakianzi kazi hiyo mpaka kikutane na maji. Pasha moto kwa kuweka chombo ndani ya sufuria ya maji yanayokaribia kuchemka, usikiweke juu ya moto wenyewe. Koroga bila haraka, ukiwa na glavu na miwani. Ukitaka kusafisha, chukua mililita 10 kwa mililita 500 za maji, tumia mara moja, mwaga. Ya pili: yeyusha asidi na fenidoni katika glaikoli ya propilini, weka kaboneti kwenye chupa ya pili ya maji, uvikutanishe siku ya kazi. Kaboneti iwe safi. Magadi ghafi ya sokoni yamechanganyika na bikaboneti, kwa hiyo alkali yake ni dhaifu na kipimo chako hakitakuwa na maana. Ya tatu, kama huna mizani inayosoma sehemu za gramu, nunua dawa ya aina ya Rodinal. Iko sokoni tangu 1891, hugeuka nyeusi kama kahawa na bado hufanya kazi.

Chochote utakachochagua, kata ncha ya filamu iliyokwisha kupigwa mwanga, itumbukize kwenye dawa uliyokwisha kuizimua, mezani, taa ikiwaka. Ikiwa nyeusi ndani ya dakika chache, pakia filamu yako. Isipokuwa nyeusi, mwaga dawa hiyo hata kama uliichanganya jana.