Mbugu za Msituni: Je, Ni Adui wa Miti?

Ukipanda kutoka Sumbawanga mpaka msitu wa Mbizi, inua macho. Utaona kamba nene zimeunga mti huu na ule. Hizo ndizo mbugu, kamba za porini.

Mti hujenga shina nene ili usimame wenyewe. Ubugu hauna haja hiyo: hupanda mgongoni mwa mwenzake mpaka juani, na nguvu zake huzitia katika majani. Shina lake ni jembamba, lakini mirija yake ya ndani ni mipana, nayo hupitisha maji mengi.

Basi wako wasemao kuwa ubugu ni mwizi. Kweli, huzuia jua, hunywa maji yale yale ya mti, tena huulemea kwa uzito. Huko Panama wataalamu walikata mbugu katika sehemu fulani za msitu na kuziacha katika nyingine. Mwaka 2015 walitangaza kuwa mbugu hupunguza kaboni ambayo msitu hujiongezea kila mwaka kwa asilimia 76 hivi. Hapa kwetu, katika msitu wa Magombera, bonde la Kilombero, kazi ya namna hiyo ilifanywa pia. Taarifa yake ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa kukata mbugu kuliisaidia miti kukua.

Lakini usikimbilie panga! Mbega wekundu wa Mbizi, na wanyama wengine wa juu mitini, hupata njia penye mbugu bila kushuka chini. Mabungo tunayokula sisi na nyani ni matunda ya mbugu. Tena mbugu huzidi hasa pale msitu ulipokatwa ovyo na mwanga ukaingia. Shoka ndilo lililotangulia.

Tusisahau pia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika Kongo ya Mfalme Leopold, kati ya 1885 na 1908, mpira ulitoka katika mbugu, na wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mpira. Ubugu haukuwa na kosa.

Nawe mwenye kibali cha kukata mti katika msitu wa kijiji, fanya hivi: miezi kadhaa kabla, kata mbugu zilizoushika mti ule tu, zikauke na kuoza. Zikiwa mbichi, mti ukianguka huvuta na jirani zake, na pengine tawi hukuangukia kichwani. Zile za miti mingine ziache.