Chakula cha Barabarani cha Asia Ughaibuni (2): Kwanza Ujue Mpishi Alitoka Wapi

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi wachuuzi wa Hanoi na Bangkok wanavyopika kando ya njia, kila mmoja na chakula chake kimoja alichokibobea. Leo tumfuate msomaji wetu aliyeko Ulaya, masomoni au kazini, ambaye angependa kukionja chakula hicho kabla hakijapunguzwa makali ili kumridhisha mgeni. Aanzie wapi? Ushauri wangu ni kwamba asihangaike na mabango ya migahawa. Atafute kwanza habari za wahamiaji wa mji anaoishi: walitoka mkoa gani, walifika lini, na nani aliwaleta.

Mji wa Berlin unatosha kuwa mfano. Mwaka 1980 Ujerumani Mashariki ilitia saini mkataba na Vietnam wa kuleta wafanyakazi viwandani, na Ukuta ulipoanguka mwaka 1989 Wavietnamu wapatao 60,000 walikuwa nchini humo kwa mikataba ya namna hiyo. Viwanda vikafungwa, ajira zikaota mbawa. Wengi walirudi kwao. Waliobaki wakajitafutia riziki kwa kuuza maua, nguo na chakula. Tatizo ni kwamba Mjerumani wa siku zile hakukijua chakula cha Kivietnamu, alikijua cha Kichina, tena kwa juujuu. Basi mpishi aliyezaliwa Vietnam akachora joka mlangoni, akakaanga tambi na kuku kwa mchuzi mtamu, na miaka ilipopita akaongeza na sushi ya Wajapani. Mapishi ya kwao akayaweka kwa ajili ya familia yake. Vibanda vya aina hiyo bado vipo, na anayekula hapo akidhani ameionja Vietnam amepotea njia, ingawa aliyempikia ni Mvietnamu halisi.

Historia hiyo inaingia hadi kwenye bakuli. Pho, supu ya tambi za mchele na nyama ya ng'ombe, ina sura mbili. Ya kaskazini ni ya mchuzi mweupe uliotulia, wenye harufu ya mdalasini na tangawizi iliyochomwa, na juu yake majani ya vitunguu tu. Kusini mchuzi hukolezwa utamu, na mlaji huletewa sahani ya mrehani, chipukizi za maharage, pilipili na ndimu ajitilie mwenyewe. Wafanyakazi wa Ujerumani Mashariki walitoka zaidi kaskazini na katikati ya nchi. Waliokimbilia Marekani, Australia na Ufaransa baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975 walitoka zaidi kusini. Kwa hiyo anayetafuta ladha ya Hanoi ana bahati zaidi Berlin kuliko Westminster, California, penye mtaa maarufu wa Wavietnamu, na wala hakuna aliyekosea kati ya wapishi wa miji hiyo miwili.

Mahali pa kwenda Berlin ni Dong Xuan Center, katika wilaya ya Lichtenberg, soko la jumla lililofunguliwa mwaka 2005 na kupewa jina la soko kuu la Hanoi. Ni mabanda marefu ya nguo, maua ya plastiki na vifaa vya saluni, na katikati yake kuna migahawa inayowalisha wafanyabiashara wenyewe. Mteja wa aina hiyo hadanganyiki. Uliza bun cha, nyama iliyochomwa inayoliwa na tambi baridi na majani mabichi. Msomaji Mwislamu ajue kwamba nyama hiyo ni ya nguruwe, na kwamba hata mchuzi unaoonekana wa kuku au samaki yafaa uulizwe kabla.

Upande wa magharibi wa mji, katika bustani ya Preußenpark, hadithi ni nyingine. Wanawake wa Kithai, wengi wao wakiwa wameolewa na Wajerumani, walianza miaka ya 1990 kukutana hapo na kula pamoja juu ya mikeka. Wapita njia wakaanza kununua. Kwa miaka mingi waliuza bila kibali, wakivutana na wilaya kama mama ntilie wanavyovutana na mgambo wa jiji, hadi walipotengewa eneo rasmi. Hapo utakuta papai bichi likitwangwa kinuni pamoja na pilipili, ndimu, karanga na mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Ukiulizwa pilipili ngapi, jibu kwa unyenyekevu.

Uholanzi nako kuna jambo la kufikirisha. Kati ya 1890 na 1939 Waholanzi waliwapeleka Wajava wapatao 33,000 kulima Suriname, Amerika ya Kusini. Nchi hiyo ilipokaribia uhuru wa mwaka 1975, wajukuu wao wengi wakahamia Uholanzi, wakiwa na saoto, supu ya kuku yenye asili ya Java iliyokwisha kubadilika njiani. Wapo wanaoiita ya bandia. Mimi sikubaliani nao: supu iliyopikwa na watu wale wale kwa vizazi vitatu ina haki zote za kuitwa yao.

Palipo na shaka, tazama orodha ya vyakula. Mchuuzi wa Bangkok anaishi kwa chakula kimoja kwa sababu halipi pango la duka. Mgahawa wa Ulaya hulazimika kuuza vingi ili ulipe kodi ya jengo. Orodha ikiwa na vyakula 90 kutoka nchi nne, ondoka. Ikiwa na sita, kaa.

Soko la Preußenpark hufanya kazi miezi ya joto, siku za mwisho wa wiki. Nenda na fedha taslimu. Wiki ijayo tutaeleza jinsi ya kupika saoto nyumbani.