Kete ya 65: kweli na uongo kuhusu kutengeneza gemu

Jumamosi moja hapa Moshi tulijibana watatu mbele ya laptopu moja, tunahesabu kete. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, basi. Gemu yetu ilikuwa na 65. Mzee mmoja anayecheza bao pembeni ya kinyozi, ambaye tulimwomba aijaribu, alisukuma kompyuta kando: "Wajukuu, mashine yenu inaiba."

Tangu tuanze kazi hii tunapewa ushauri na kila mtu. Mwingi haufai.

Bila kompyuta ya bei mbaya huwezi. Uongo. Godot, injini ya gemu inayotolewa bure, haifiki megabaiti 150 kuipakua. Na kama unalia na umeme, msikilize Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu kupata dola 300 za laptopu, na kijana alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu aliyoitengeneza akaiita Salaam.

Bila Kiingereza usijisumbue. Nusu kweli. Scratch, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, unaweza kuigeuza ikawa ya Kiswahili. Lugha nyingine za kuandikia programu zimejaa maneno ya Kiingereza, ila majina ya vitu vyako unayachagua mwenyewe. Sisi tuliandika namua, takata, kichwa, nyumba. Ungetafsiri vipi nyumba ya bao? Ndiyo maana kosa letu tulilipata haraka. Mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kila akinamua anaingiza moja. Kodi yetu, pale tu mchezaji alipokula, iliiweka kete ubaoni bila kuitoa mkononi. Mstari mmoja ulisahaulika, kete ikazaa.

Gemu ya Kilimanjaro ni ya kupanda mlima. Uongo, na huu unaniudhi. Kila tukitaja tunakotoka, mtu anatuchorea kilele cha Uhuru, mita 5,895, na mzungu mwenye fimbo. Panda Old Moshi au Marangu uangalie mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka juu hadi vihambani. Una zamu zake, una watu wa kuusafisha, una jirani anayefungulia maji usiku migomba yake ikinyauka. Kanuni ziko tayari, ugomvi uko tayari. Gemu inataka nini zaidi?

Gemu ndogo ni mambo ya watoto. Uongo. Tetris ilianza mwaka 1984 kwa Alexey Pajitnov, huko Moscow, na ni matofali yanayodondoka tu. Flappy Bird ya mwaka 2013 ilikuwa kazi ya Mvietnam mmoja, Dong Nguyen. Sisi kabla ya bao tulitaka kuujenga mji wote wa Moshi. Mwezi wa pili tulikuwa na nusu ya stendi na daladala moja isiyokata kona.

Utatajirika. Uongo kwa walio wengi. Tuendelee.

Washikaji hawaandikiani karatasi. Uongo mbaya kuliko wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, lakini haiwezi kukumbuka kwa niaba yenu nani alichora na nani aliandika kodi. Mwenzetu wa sauti alipata kazi Dar, akaondoka na flashi yenye milio yote. Hakuwa na nia mbaya, ila hatukuwa na nakala wala makubaliano, na kumpigia simu kulianza kufanana na kudai deni. Nusu ukurasa unatosha: nani anafanya nini, faili zinakaa wapi, hela ikija inagawanywaje. Uandikeni kabla hamjafungua kompyuta.

Kete sasa ni 64. Mzee anaifunga mashine kila Jumamosi, na ametuagiza tuiongezee akili.