Nyuzi 96 Zina Kosa Gani?

Mwaka jana nilipita Nyakitonto, kwenye vilima vya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, nikaingia katika darasa moja la sayansi. Vijana walikuwa wakichemsha maji kwa jiko la mkaa. Kipimajoto kilipanda hadi nyuzi 96, kikagoma hapo. Kijana mmoja akakitazama, akatazama kitabu, kisha akaandika daftarini: 100. Nikamuuliza kwa nini.

"Mzee, tukiandika 96 tunakosa maksi."

Je, kipimajoto kilikosea? Hata kidogo. Maji huchemka kwa nyuzi 100 penye usawa wa bahari, kama Dar es Salaam. Ukipanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na kila mita 300 hivi huondoa karibu nyuzi 1. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika lililo kama mita 770 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 97 na kitu. Ukiwa mita 1,200, ni 96. Mama wa milimani anayelalamika kwamba maharage yanakawia kuiva ana fizikia upande wake.

Kimo, basi, ni kigeu, yaani jambo ambalo likibadilika hubadilisha jibu. Kosa la upimaji ni jambo jingine: kipimajoto kugusa kitako cha sufuria, au kukisoma jicho likiwa juu ya mstari badala ya kulingana nao. Makosa ya jicho linaloyumba mara juu mara chini hupungua ukipima mara tano ukatafuta wastani. Kimo hakiondoki hata ukipima mara mia.

Tusiwacheke watoto, maana hata wakubwa hunaswa hapo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Akiogopa kukosa nafasi katika friji, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Huyo hakucheka. Alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja.

Lakini angalia, msikilizaji: yule mwenzake hakuwa ameyachemsha maziwa yake kabisa. Kwa hiyo vilivyotofautiana ni viwili, joto na kuchemshwa, na aiskrimu peke yake haikuweza kusema kipi kilifanya kazi. Osborne yeye alitumia maji.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia jaribio hilo. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimeta 1 tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kuyafanya maji ya moto yaonekane yameshinda. Wao hawakuona ushindi wowote wa kweli. Wapinzani wao wakajibu kwamba kufika nyuzi 0 si sawa na kuganda, na ubishi huo unaendelea.

Huko Nyakitonto nilimuuliza mwalimu kama 96 ingepata maksi. Akasema ingepata, mradi kijana aandike na kimo cha shule. Tukatazamana. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekijua.